Jinsi Lenzi ya Pembe Pana Ilivyofika Soko la Mitumba

Lenzi huhesabiwa kuwa ya pembe pana pale urefu wake wa fokasi unapokuwa mfupi kuliko mshazari wa filamu au kihisi kinachopokea picha. Katika filamu ya milimita 35, yenye picha ya milimita 24 kwa 36, mshazari huo ni kama milimita 43. Lenzi ya milimita 50 huona nyuzi 46 hivi. Ya 35 huona 63, ya 28 huona 75, ya 24 huona 84, na ya 20 huona 94. Lenzi hizi ndizo zinazoingiza chumba kizima katika picha moja, au jengo refu lililo kwenye uchochoro usio na nafasi ya kurudi nyuma. Zikiwa mpya zimekuwa ghali tangu karne ya 19, na ugumu wa kuzitengeneza unaeleza kwa nini. Bei zake mkono wa pili zina historia nyingine. Zimefuata kuzaliwa na kufa kwa aina za kamera kuliko ubora wa vioo vyenyewe, na ndiyo maana lenzi nzuri sana imeweza kuuzwa kwa bei ya kutupa kwa miaka mingi huku nyingine ya kawaida ikigombaniwa.

Upigaji picha ulipotangazwa mjini Paris mwaka 1839, kamera za Louis Daguerre zilitumia lenzi ya fundi Charles Chevalier, iliyoona eneo dogo na kupitisha mwanga hafifu. Mwaka uliofuata Joseph Petzval wa Vienna alibuni lenzi yenye tundu kubwa la f/3.6, ikatengenezwa na Voigtländer na kuwafaa sana wapiga picha za nyuso. Ilikuwa na mwanga mwingi, lakini picha yake ilikuwa kali katikati tu. Aliyetaka kupiga picha ya kanisa kutoka ng'ambo ya barabara nyembamba hakuwa na chombo. Mwaka 1859 Mwingereza Thomas Sutton alitengeneza lenzi ya vioo viwili vinene vilivyopinda, katikati yake akajaza maji. Iliona nyuzi 120 hivi, ila picha yake iliangukia kwenye uso uliopinda, hivyo bamba la kioo la kupokea picha nalo lilibidi lipinde, na litiwe dawa na kusafishwa likiwa katika umbo hilo. Kazi hiyo iliwashinda wengi na lenzi haikuenea. Sutton huyohuyo alisajili mwaka 1861 hataza ya kamera yenye kioo cha kuakisi nyuma ya lenzi. Kioo cha aina hiyo ndicho kilichokuja kuwa kikwazo kikubwa cha lenzi za pembe pana miaka tisini baadaye.

Njia iliyofaulu kwanza ilikuwa kupanga vioo kwa ulinganifu mbele na nyuma ya tundu, ili nusu ya nyuma ifute upindaji wa mistari unaoletwa na nusu ya mbele. Charles Harrison na Joseph Schnitzer wa New York walisajili lenzi yao ya Globe mwaka 1862, ikiona nyuzi 80 hivi. Emil Busch wa Rathenow, Ujerumani, akafuata na Pantoskop mwaka 1865. Kilele cha njia hii kilikuwa Hypergon, iliyobuniwa mwaka 1900 na Emil von Höegh wa kampuni ya Goerz: vioo viwili tu vyembamba, vimepinda karibu kufikia nusu tufe, vikiona nyuzi 135 bila kupinda mistari. Hapo tatizo la mwanga likajitokeza wazi. Katika lenzi sahili inayoona nyuzi 90, ukingo wa picha hupata robo tu ya mwanga wa katikati; kwa nyuzi 135 hupata chini ya sehemu moja ya arobaini. Goerz waliweka mbele ya lenzi kijigurudumu chenye umbo la nyota, kikazungushwa kwa upepo uliosukumwa kutoka mpira wa kubonyeza kwa mkono. Kiliupunguza mwanga wa katikati kwa sehemu kubwa ya muda wa kupiga picha, kisha kikaangushwa pembeni ili katikati nako kupate haki yake. Chombo hicho cha kustaajabisha kinaonyesha kwamba pembe nyeusi za picha, zinazolalamikiwa hata leo kwenye lenzi za bei nafuu, zina mzizi katika jiometria ya mwanga, na fundi wa kila kizazi amelazimika kupambana nazo upya.

Kamera ndogo ya Leica, iliyotoka kwa wingi mwaka 1925, ilibadilisha kipimo cha kila kitu. Lenzi yake ya kwanza ya pembe pana, Elmar ya milimita 35, ilitoka mwaka 1930 ikiwa na tundu la f/3.5. Washindani wake wa Zeiss walijibu kwa kamera ya Contax, na kwa ajili yake Ludwig Bertele alibuni Biogon ya milimita 35 yenye f/2.8 katika nusu ya pili ya muongo huo. Kioo chake cha nyuma kilikuwa kikubwa na kiliingia ndani ya kamera hadi karibu kugusa shata. Kamera ya aina hii haikuwa na kioo cha kuakisi, kwa hiyo nafasi ilikuwepo, na mbunifu aliitumia yote.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoifanya Biogon hiyo kuwa lenzi ya watu wa kipato cha kawaida. Wasovieti walichukua mitambo na michoro ya Zeiss kutoka Ujerumani Mashariki kama fidia ya vita, na kamera ya Contax ikaendelea kuzaliwa mjini Kiev kwa jina la mji huo. Biogon ikawa Jupiter-12. Ilitengenezwa kwa miongo kadhaa katika viwanda vya serikali, ikiwa na vifungio viwili: cha Kiev na cha hesi cha Leica, na ikatawanyika dunia nzima kwa bei ndogo. Ubora wake hutofautiana kati ya lenzi moja na nyingine, kwa kuwa viwanda hivyo vilihesabu kwanza idadi. Jupiter-12 iliyo nzima bado ni njia nafuu ya kupata ubunifu wa Bertele, mradi mnunuzi ahakikishe kwamba kioo chake cha nyuma hakitagonga kitu ndani ya kamera yake.

Wakati huohuo ramani za angani zilihitaji pembe pana zaidi na mwanga uliosambaa sawasawa. Mikhail Rusinov, mbunifu wa Kisovieti, alionyesha mwaka 1946 kwamba vioo vikubwa vya kutawanya mwanga vikiwekwa mbele kabisa na nyuma kabisa ya lenzi, ukingo wa picha hupoteza mwanga kidogo kuliko ilivyozoeleka. Bertele alifuata mkondo huo, na Biogon yake mpya ya milimita 21, yenye f/4.5, ikatoka mwaka 1954 kwa ajili ya Contax; ndugu yake ya milimita 38 ilifungwa moja kwa moja kwenye kamera ya Hasselblad Super Wide. Lenzi hizi bado ni miongoni mwa zinazonyoosha mistari vizuri kuliko zote, na hazijawahi kuwa rahisi.

Kamera ya rifleksi ilikuja na sharti lake. Mpiga picha alitazama kupitia lenzi ileile inayopiga picha, jambo lililowavutia wengi, lakini kioo cha kuakisi kilihitaji nafasi ya kuinuka nyuma ya lenzi. Lenzi ya milimita 28 ya muundo wa kale ilitaka kukaa karibu sana na filamu kuliko kioo kilivyoruhusu. Suluhisho lilikuwa limekwisha jaribiwa katika sinema: mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya Taylor, Taylor & Hobson ya Leicester ilitengeneza lenzi za aina hiyo kwa kamera za rangi za Technicolor, ambazo zilikuwa na prizimu nyuma ya lenzi. Kikundi cha vioo vya kutawanya kilitangulizwa mbele, na kile cha kukusanya kikawekwa nyuma yake, hata picha ikaundwa mbali na kioo cha mwisho. Pierre Angénieux wa Paris aliuleta muundo huo kwenye kamera za rifleksi mwaka 1950 kwa lenzi yake ya milimita 35 yenye f/2.5, akaiita Retrofocus. Kiwanda cha Zeiss cha Jena kikatoa Flektogon ya milimita 35 katika miaka hiyohiyo, na Wasovieti wakatoa Mir-1 ya milimita 37, iliyopata tuzo kuu kwenye maonyesho ya Brussels ya 1958. Nyingi zimechorwa kumbukumbu ya tuzo hiyo kwenye pete ya mbele.

Muundo huo mpya uliongeza vioo, uzito na kasoro za kusahihisha, na kila kioo kilikuwa na nyuso mbili za kurudisha mwanga mahali usipotakiwa. Usingefaulu bila utando wa kupunguza mwakisiko, uliovumbuliwa na Alexander Smakula wa Zeiss mwaka 1935. Hesabu nazo zilikuwa nyingi kupita kiasi kwa makarani wenye vitabu vya logi. Leitz, watengenezaji wa Leica, walinunua kompyuta ya Konrad Zuse aina ya Z5 mwaka 1953, na Jena wakajenga yao, OPREMA, mwaka 1955. Hata hivyo mambo hayakukamilika kwa siku moja. Kamera ya Nikon F ilipotoka mwaka 1959, lenzi yake pana kuliko zote, ya milimita 21, bado ilikuwa ya muundo wa zamani: ili kuifunga ilibidi kioo cha kuakisi kiinuliwe na kubaki juu, na mpiga picha atazame kwa kitazamio cha pembeni. Mwaka 1967 Nikon ilitoa lenzi ya milimita 24 yenye f/2.8 ambayo vioo vyake vya nyuma vilisogea kwa mwendo wao wenyewe wakati wa kufokasi, hivyo picha za karibu zikabaki kali hadi pembeni. Lenzi yoyote ya pembe pana iliyotengenezwa kabla ya hapo inafaa ipimwe kwa kuzingatia mwaka huo.

Katika miaka ya 1970 milimita 28 ikawa pembe pana ya watu wote. Aliyenunua kamera ya rifleksi ya Kijapani alipewa ya milimita 50, kisha muuzaji akamshauri aongeze ya 135 na ya 28. Mahitaji hayo yalilisha kampuni zisizokuwa na kamera zao wenyewe. Tamron ilikuwa imeanzisha mwaka 1957 kifungio cha T kilichobadilishwa kufuata kamera, na baadaye ikatoa kile cha Adaptall. Vivitar ya Marekani haikuwa na kiwanda cha lenzi. Iliagiza kwa mafundi wa Japani na kuandika jina lake. Namba ya mfululizo iliyochorwa kwenye pete huonyesha nani aliitengeneza: inayoanza na 22 ni ya Kino, 28 ni ya Komine, 37 ni ya Tokina. Wanunuzi wa mitumba wamejifunza kuisoma kabla ya kulisoma jina, na wana haki, kwa kuwa chini ya jina moja kuna lenzi bora na lenzi dhaifu.

Lenzi hizo za 28 zilitengenezwa nyingi mno kuliko wapiga picha waliozihitaji kwa dhati. Nyingi zilikaa kabatini. Lenzi za zumu zilipoboreka katika miaka ya 1980, zikianzia milimita 35 na baadaye 28, soko la zile za fokasi moja likaporomoka.

Pigo lililofuata lilitoka kwenye vifungio. Mwaka 1985 Minolta ilitoa kamera ya 7000, iliyojifokasi yenyewe, ikaacha kifungio chake cha zamani. Mwaka 1987 Canon ilifanya vivyo hivyo: ikaanzisha EOS na kukiacha kifungio cha FD pamoja na lenzi zote zilizokifuata. Wamiliki walikasirika, na hasira yao ilikuwa halali, maana lenzi zao zilikuwa zimepoteza mustakabali bila kupoteza hata chembe ya ubora. Nikon na Pentax walibakiza vifungio vyao. Tofauti hiyo ya uamuzi wa kibiashara ndiyo iliyopanga bei za mitumba kwa miaka ishirini.

Kinachoamua hapa ni umbali kati ya kifungio na filamu. Kwa FD ya Canon ni milimita 42, kwa EOS ni 44. Lenzi ya FD ikifungwa kwenye EOS hukaa mbali milimita 2 kuliko inavyotaka, na haiwezi tena kufokasi vitu vya mbali isipokuwa kwa adapta yenye kioo cha ziada kinachoharibu picha. Minolta ya zamani, yenye milimita 43.5, ilikwama vivyo hivyo mbele ya kifungio kipya cha milimita 44.5. Kifungio cha hesi cha M42, kilichotumiwa na Praktica na Pentax, kina 45.46, na cha Nikon 46.5: hivi huingia kwenye EOS kwa pete nyembamba tu ya chuma. Kamera za dijitali za Canon zilipoenea baada ya mwaka 2000, Flektogon na Takumar (lenzi za Pentax) za hesi zikapata wanunuzi wapya na bei zake zikapanda. Canon FD za milimita 24 na 28, zilizotengenezwa vizuri zaidi kuliko nyingi kati ya hizo, zikaendelea kulala kwenye visanduku vya vitu vya bei ya chini.

Kamera za dijitali za watu wa kawaida zilileta pia hasara nyingine kwa pembe pana za zamani. Kihisi chake kilikuwa kidogo kuliko picha ya filamu, hivyo lenzi ya 28 ikaona kama ya milimita 42 kwenye Nikon na kama ya 45 kwenye Canon. Upana wote uliopatikana kwa karne moja na nusu ya jasho ulikatwa pembeni. Watengenezaji wakabuni lenzi mpya kwa ajili ya kihisi hicho: Nikon ya 12-24 mwaka 2003, Canon ya 10-22 mwaka 2004, Sigma ya 10-20 mwaka 2005, kisha Tokina ya 11-16 yenye f/2.8. Canon ilipotoa ya 10-18 mwaka 2014 kwa dola 299, pembe pana kabisa ilikuwa imefika kwenye bei ambayo haikuwahi kufikiriwa, ingawa kifungio chake ni cha plastiki.

Mwaka 2008 Panasonic ilitoa kamera ya G1 isiyokuwa na kioo cha kuakisi, na mwaka 2010 Sony ikafuata na NEX, yenye umbali wa milimita 18 tu kutoka kifungio hadi kihisi. Karibu kila lenzi iliyowahi kutengenezwa kwa kamera za filamu sasa iliweza kufungwa kwa adapta. FD na Minolta zilizotelekezwa zikafufuka, lakini kwa pembe pana faraja kamili ilikuja mwaka 2013 tu, pale Sony A7 ilipoleta kihisi cha ukubwa wa filamu kwenye kamera ya namna hiyo, na milimita 24 zikaona tena nyuzi 84. Kamera hiyo pia ilifichua jambo ambalo filamu ilikuwa imelistahimili: lenzi za ulinganifu kama Biogon huupeleka mwanga kwenye ukingo wa kihisi kwa mshazari mkali, na pembe za picha hugeuka rangi au kutawanyika. Retrofocus, iliyobuniwa kwa shida ili kukipisha kioo cha kuakisi, hupeleka mwanga kwa unyoofu zaidi. Kwa hiyo lenzi ya rifleksi ya bei ndogo mara nyingi hushinda ya Leica ya kale kwenye kihisi cha leo.

Adapta yenyewe ina hatari zake. Lenzi fupi huathirika zaidi na kosa dogo la umbali; pete iliyo nyembamba au nene kwa sehemu ya kumi ya milimita haionekani kwenye lenzi ya 135, lakini kwenye ya 20 huvuruga fokasi ya mbali na alama zilizochorwa kwenye pete yake. Ikiwa adapta imekaa upande, pembe moja ya picha huwa laini na lawama huangukia lenzi.

Umri nao umeziachia lenzi hizi majeraha ya aina moja moja. Kuvu hukua kama nyuzi za utandu juu ya utando wa kioo, na hali ya hewa ya pwani, kama ya Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, huilisha mwaka mzima. Lenzi iliyokaa kwenye mkoba wa ngozi katika unyevu huo haifai kununuliwa bila kumulikwa kwa tochi kutoka nyuma. Kuvu changa husafishika, lakini iliyokwisha kula utando huacha alama ya kudumu. Ukungu mwembamba unaotokana na mvuke wa grisi huonekana kwa mwanga huohuo, na hupunguza ukali wa rangi kuliko mkwaruzo mmoja wa mbele. Mkwaruzo wa nyuma ni mbaya zaidi kuliko wa mbele, kwa kuwa uko karibu na picha. Gundi ya zeri iliyounganisha vioo huachana na kuonyesha duara za rangi ukingoni. Flektogon zinajulikana kwa mafuta yanayopanda kwenye visu vya tundu, yakavifanya vifunge polepole au visifunge kabisa. Baadhi ya Takumar za miaka ya 1960 na 1970 zina kioo chenye thoriamu kilichogeuka manjano. Kuianika lenzi juani kwa siku kadhaa hurudisha weupe mwingi.

Kasoro inayohusu pembe pana kuliko aina nyingine yoyote ni vioo kutoka katikati, ama kwa kuanguka au kwa kufunguliwa na fundi asiye na vifaa. Haionekani kwa macho. Hujulikana kwa kupiga picha ya ukuta wa matofali kwa tundu lililo wazi kabisa, kamera ikiwa sambamba na ukuta, kisha pembe nne zikalinganishwa: zote zikiwa laini kiasi kimoja, ni tabia ya lenzi, moja ikiwa laini peke yake, lenzi imeumia. Ulaini wa pembe zote huisha kwa kiasi kikubwa tundu linapofungwa hadi f/8. Kwa mpiga picha wa majengo au mandhari, ambaye hutumia f/8 siku zote, milimita 28 yenye f/3.5 hutoa karibu kila kinachotolewa na ile ya f/2, nayo huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei yake.

Tangu mwaka 2018, Canon na Nikon walipohamia nao kwenye kamera zisizo na kioo cha kuakisi, zamu ya kuachwa imezifikia lenzi za dijitali za rifleksi. Zile za 10-18, 10-20 na 11-16 zinauzwa kwa wingi na wanaohama, na ndizo pembe pana nafuu zaidi kwa mwenye kamera ya kihisi kidogo. Wa Nikon huangalia kwanza injini ya fokasi: Tokina ya 11-16 ya toleo la kwanza haina yake, na haijifokasi kwenye kamera za ngazi ya chini, kuanzia D40 ya 2006, ambazo nazo hazina injini mwilini. Mwenye bajeti ndogo kabisa huanza na zumu ya 18-55 iliyouzwa pamoja na kamera, kwa kuwa ncha yake ya 18 huona karibu sawa na 28 ya filamu, na ikishapimwa ukutani kwa f/8 humwonyesha kama anahitaji upana zaidi ya huo.